Pont ya Papa Nephtali

Papa Nephtali wa avenue ya kumi na mbili, mtaa wa Tshopo, hapendi kuharakishwa, na Ijumaa ile dunia nzima ilikuwa inamharakisha. Nasema dunia nzima, lakini kusema kweli alikuwa mtu mmoja tu, mke wake, Mama Hélène. Naye hakuwapo. Alikuwa Banalia, kilomita mia na ushee kutoka pale, na bado mzee alimsikia nyuma yake kama vile amesimama uwanjani na mikono kiunoni.

Mama Hélène alikwenda Banalia miezi mitatu nyuma kumwuguza mama yake, aliyeteleza kisimani akavunjika mguu. Mguu ulishapona zamani. Bibi alikuwa anatembea, anakwenda shamba, anagombana na majirani, yaani amepona kabisa. Kilichobaki ni Papa Nephtali kwenda na jeep kumchukua mke wake, kama alivyoahidi. Aliahidi mara ya kwanza akakosa. Akaahidi mara ya pili akakosa tena. Mara ya tatu Mama Hélène hakupandisha hata sauti kwenye simu, na hapo ndipo mzee alipoogopa. Alimzoea akifoka. Akifoka, mambo yako salama.

"Nephtali," alimwambia taratibu, "Jumamosi utakuja ao hautakuja. Kama hautakuja, mi nabaki kwa mama yangu. We baki na mbanda yangu."

Mbanda, kwa sisi watu wa Kisangani, ni mke mwenza. Na mke mwenza mwenyewe alikuwa ile jeep.

Msije mkaniuliza kwa nini mama asipande pikipiki kama watu wengine. Pikipiki zipo tele kwenye njia ile. Mwanamke aliyeuguza miezi mitatu, akafua, akapika, akabeba maji, hataki usafiri. Anataka kufuatwa. Anataka kijiji kizima kimwone mume wake akishuka kwenye jeep, akisalimia wazee, akifunga mizigo ya mke wake kwa mikono yake mwenyewe. Papa Nephtali alilijua hilo vizuri sana, ndiyo maana lilimkosesha usingizi.

Tena huyu mzee si mtu wa kukosa njiani. Alikuwa dereva miaka ishirini na nane, dereva wa mradi mmoja wa chanjo uliokuwa unapeleka dawa vijijini kote, na hakuwahi kumtia mtu mtaroni hata siku moja. Kazi hiyo aliipata kwa woga. Alizaliwa Yanonge, kwa watu wa mto. Baba yake mvuvi, kaka zake wavuvi, shangazi zake wanauza samaki, na yeye peke yake katika ukoo ule hajui kuogelea. Maji yakimfika magotini anaanza kusali. Kwa hiyo alipopata umri wa kuchagua, alichagua kitu chenye magurudumu, akajipandia zake nchi kavu. Mradi ulipofungwa, wakubwa walimwachia jeep aliyokuwa akiiendesha, iwe asante yake.

Mama Hélène alimpata kwa jeep hiyohiyo. Wakati ule alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Banalia, akipanga watoto mstari wapigwe sindano. Kijana Nephtali alimwona, akaambia wakubwa wake kwamba gari limekufa, halitoki. Lilikufa siku tatu. Siku ya nne, msichana akiwa ameshakubali kumsindikiza mpaka kwenye kivuko, gari likafufuka lenyewe. Hadithi hiyo imechekesha watu katika kila harusi ya familia yao, na Papa Nephtali mwenyewe ndiye aliyekuwa akiisimulia. Sasa ilimgeukia. Mke anayejua kwamba mume wake aliwahi kuzusha ubovu wa gari ili abaki, atashindwaje kufikiri kwamba anazusha ubovu ili asije?

Na ubovu ulikuwapo, wa kweli kabisa. Gurudumu la nyuma, upande wa kulia, lilikuwa linavuja mafuta. Ndani ya bomba lile nene la chuma linalobeba magurudumu ya nyuma mnajua kuna mafuta mazito, na mwisho wa bomba, karibu na gurudumu, kuna pete ya mpira inayoyazuia yasitoke. Mafundi wanaiita spi. Ni kitu kidogo, kinaenea kiganjani. Spi ikichoka, mafuta yanapenya, yanaingia kwenye breki, na breki iliyolowa mafuta haishiki kitu. Safari ya kwanza mzee alifika kwenye kizuizi cha kutokea mjini, akakanyaga breki, jeep ikavuta kushoto kwa nguvu na nusura iondoke na kibanda cha askari pamoja na askari mwenyewe. Akageuza, akarudi nyumbani. Safari ya pili alikuwa na spi mpya mkononi, akaijaribu, kumbe imezidi milimita mbili. Hemedi, muuza vipuri wa sokoni, akaagiza nyingine, na ile nyingine ikachukua wiki tatu kufika.

Haya yote angemweleza mke wake angeelewa. Lakini Papa Nephtali ana ugonjwa wa madereva wa zamani, hawezi kusema gari lake linaumwa sana. Kila mara kwenye simu alikuwa anasema, "Ni kapanne kadogo tu." Kapanne, yaani kaubovu, kadogo, wiki sita. Hata mimi ningekasirika.

Bon. Ijumaa asubuhi na mapema aliinua jeep kwa jeki, akaweka magogo mawili chini yake kwa sababu haamini jeki, akatoa gurudumu na ngoma ya breki. Akatandika kitambaa kikuukuu ardhini, na kila boliti aliyoitoa aliiweka pale kwa mpangilio wake, ya kwanza kushoto, ya mwisho kulia, asije akachanganyikiwa. Akaweka beseni chini ya pont, yaani lile bomba la nyuma, akafungua mfuniko wake. Mafuta yakashuka meusi, yananuka kuungua, na mzee akayaonea huruma kama mtu anayemwosha mgonjwa. Beseni lilikuwa la Mama Hélène, lile la kuoshea mchele wa sikukuu. Alijua ni kosa. Alisema atalisugua.

Saa tatu simu ikalia. Alikuwa amelala chali chini ya jeep, mikono imelowa mpaka viwikoni, kwa hiyo aliyeipokea ni Daniella, binti yao wa mwisho, aliyekuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo, pale barazani.

"Ni Maman," Daniella alisema. "Réseau iko mubaya, sauti inakatika. Anauliza uko wapi."

"Mwambie niko chini ya jeep. Mwambie nimefungua pont, mafuta yote iko chini. Kesho nakuja."

Daniella akasimama juu ya kigoda ili apate mtandao, akapaza sauti mpaka jirani wa tatu akamsikia. "Maman, Papa iko chini! Pont! Nasema pont imefunguka! Yote iko chini! Maman? Allô?"

Mtandao ukakatika. Daniella akajaribu tena mara nne, mara tano, hakuna kitu. Papa Nephtali akauliza alisema nini.

"Alipiga kelele kidogo, halafu ikakatika."

"Kelele ya namna gani?"

"Kelele tu, Papa."

Mzee akashusha pumzi. Mke wake akipiga kelele ni dalili njema, nimeshawaambia. Alirudi kazini na moyo mwepesi, mpaka akawa anapiga mluzi.

Kazi yenyewe haitaki nguvu, inataka subira. Akachomoa pini ya katikati, akasukuma ekseli ndani kidogo, kile kikufuli kidogo cha umbo la mwezi kikamdondokea kiganjani. Hapo ekseli ikawa huru. Akaivuta nje polepole, chuma kirefu chenye uzito wa mtoto wa miaka miwili, akailaza juu ya kitambaa. Spi ya zamani ilikuwa imekauka na kupasuka mdomo. Akaing'oa na bisibisi, akasafisha mahali pake kwa petroli, akapitisha kidole kuzunguka kote kutafuta mchubuko. Hakukuwa na mchubuko. Spi mpya aliipaka mafuta, akaiweka sawa, akaanza kuigonga. Hakuigonga na nyundo ya chuma, hapana, anayefanya hivyo aje nimpige mimi. Aliweka kipande cha ubao juu yake akagonga kidogo huku, kidogo kule, anazunguka, anasikiliza. Sauti inabadilika spi ikifika mwisho. Ikabadilika. Ikakaa sawasawa kabisa.

Sasa ilibaki kurudisha ekseli, na hiyo mtu mmoja haiwezi. Lazima mmoja ainyanyue kwa nje isiguse, na mwingine aiongoze, maana meno yake yakikwaruza mdomo wa spi mpya, kazi yote imekwenda na maji. Alitaka kumwita Daniella, lakini Daniella alikuwa ametoka kununua chumvi. Kwa hiyo mzee akarudi chini ya jeep, akafuta ndani ya bomba kwa mara ya mwisho, akaona kivuli ni kizuri, mgongo umechoka, na binti atarudi tu. Akafumba macho.

Alikuwa mle bado, miguu imetoka nje, amelala fofofo, saa tisa alasiri, pikipiki ilipoingia uwanjani. Hakuisikia. Alichosikia ni mikono miwili imemshika vifundo vya miguu, inamvuta, na sauti ya mwanamke inalia jina lake kama wanavyolia watu kwenye matanga. Akaamka kwa ghafla, akagonga paji la uso kwenye chuma, akaona nyota.

"Nani huyo?" akauliza kutoka chini.

Kilio kikakatika. Mikono ikaachia miguu. Mzee akatambaa nje, akakaa kitako, akajipangusa jicho. Mbele yake alisimama Mama Hélène, mwekundu wa vumbi kuanzia kope mpaka vidole vya miguu, amevaa kikwembe cha kutwangia, unga wa muhogo bado umemganda mapajani. Hakuwa na mzigo wowote ila mkoba mmoja. Alimtazama mume wake, akaitazama jeep, akamtazama tena mume wake. Kisha akainua ule mkoba akampiga nao begani, mara mbili, si kwa nguvu sana, akaketi juu ya gurudumu lililolala pale na kuanza kulia upya.

Aliyeeleza ni yule dereva wa pikipiki, Landry, kijana mpole aliyesimama pembeni anakung'uta kofia.

"Papa, pole. Huyu mama alinitoa Banalia mbio-mbio. Alisema pont ya Tshopo imevunjika, bwana yake iko ndani ya maji. Mi nikamwambia, Maman, jana nilipita juu ya ile pont, iko muzima. Akaniambia ninyamaze, nipeleke pikipiki."

Sasa ndiyo muone ubaya wa kuazima maneno ya watu. Hicho chuma cha nyuma cha gari, hapa kwetu hakina jina lingine, ni pont. Na daraja la mto Tshopo, ambalo kila atokaye Banalia hulipita kuingia mjini, nalo tunaliita pont. Vitu viwili, neno moja. Siku zote hakuna tabu, maana fundi anajua anasema nini na abiria anajua anasema nini. Lakini kata simu vipande vipande, halafu umwambie mke wa mtu asiyejua kuogelea: Papa iko chini, pont imefunguka, yote iko chini.

"Daniella," mzee aliita kwa sauti ndogo. Daniella alikuwa amesharudi, amesimama mlangoni na chumvi yake, amejiziba mdomo kwa kiganja.

"Mi nilisema vile ulisema, Papa."

Alisema kweli, maskini.

Mama Hélène alikunywa maji, akanawa uso, na habari zikaanza kutoka kidogo kidogo. Njia nzima alikuwa analia kwenye mgongo wa Landry, mpaka shati la kijana likalowa. Walipofika darajani akalikuta limesimama, wanawake wanapita na vikapu vya mihogo, magari yanapita, kila kitu kama jana. Mtu mwingine angetulia. Yeye akafikiri wamelitengeneza haraka. Akashuka, akachungulia mtoni, akawaita wavuvi waliokuwa chini na mitego yao, akawauliza kama wameona mwanaume. Wakasema hawakuona. Akawaambia waangalie vizuri, ni mtu mrefu, kipara katikati, na haogelei, kwa hiyo hawezi kuwa mbali.

"Ulisema hivyo?" Papa Nephtali aliuliza.

"Nilisema hivyo. Moja akaanza kucheka, nikamtukana."

Hapo mzee akashindwa kujizuia, akacheka, na Daniella akacheka, na Landry, aliyekuwa amejikaza tangu Banalia, akageukia pikipiki yake mabega yanatikisika. Mama Hélène aliwatazama wote kwa zamu kwa macho ya ualimu. Kisha naye midomo ikamsaliti.

"Mucheke tu," alisema. "Nyumbani kwetu wameshafunga bâche, turubai ya matanga. Mjomba wangu, Tonton Émile, amekwenda kanisani kukopa viti kwa paroisse. Mama yangu amelia mpaka sauti imepotea."

"Mama yako? Alinililia mimi?"

"Alikulilia wewe."

Papa Nephtali, Mungu amsamehe, alifurahi. Mkwe wake hakuwahi kumsifu hata kwa neno moja. Alitamani kuuliza alilia kwa maneno gani, ila akaona si wakati wake. Wakajaribu simu ya Banalia, haipatikani. Wakajaribu ya Émile, haipatikani. Kwa hiyo hakukuwa na njia ila moja: kesho alfajiri marehemu mwenyewe aende akavunje matanga yake, na aende na gari lenye breki nne.

Landry akala pondu na samaki, akashukuru, akaondoka. Daniella akaingia ndani kumchemshia mama yake maji ya kuoga. Uwanjani wakabaki wawili, na ekseli kati yao juu ya kitambaa.

"Inabaki nini?" Mama Hélène aliuliza.

"Inabaki kuingiza hii. Ngoja Daniella."

Hakungoja. Alifunga kikwembe vizuri, akachuchumaa, akaishika ekseli kwa ule mwisho wake mpana. Mzee alitaka kumkataza, mwanamke aliyetoka kusafiri saa tano juu ya pikipiki, lakini alimjua. Akashika upande mwingine. Wakainyanyua pamoja, wakaielekeza kwenye bomba, mzee akiwa ameinamisha kichwa anachungulia mdomo wa spi mpya, anasema juu kidogo, chini kidogo, hapo, kaa hapohapo. Ikaingia nusu. Sura zao zilikuwa karibu, na Papa Nephtali aliona kwamba vumbi lote lile halikuondoka, limebaki kwenye mikunjo ya macho, na macho yenyewe yamevimba kabisa. Akaacha kusukuma. Kuna neno lilikuwa limemkaa kooni wiki sita, akaona akilimeza leo hatalisema tena.

"Hélène, nilikuwa na mawazo yako mingi. Nyumba ilikuwa mubaya. Na mi sikudanganya. Jeep ilikuwa na ubovu kweli, kubwa, niliona haya kukuambia. Siwezi kwenda kuchukua bibi yangu na breki tatu. Nilikuwa nakuja."

"Najua," alisema Mama Hélène. Alikuwa ameikumbatia ile ekseli, mafuta yanamchuruzika mkononi. "Daniella aliposema pont, sikujiuliza kama ni uongo. Nilihesabu siku. Nikaona leo ni Ijumaa. Nikasema, kumbe alishindwa kungoja Jumamosi, akaondoka na siku moja mbele kwa ajili yangu, ndiyo maana amekufa. Ni ile ilinikata moyo, Nephtali. Ile siku moja."

Papa Nephtali alibaki ameshika chuma chake. Hakuwa ameondoka na siku moja mbele, na wote wawili walilijua hilo. Machozi yakamjaa machoni, na mikono imelowa mafuta hata hawezi kuyafuta. Alikaa hivyo mpaka mke wake akamwambia asukume basi, mkono umemchoka.